Chungu cha Kwanza cha Binti Thureya

Alikuwapo Sultani Ghalibu bin Rashadi, mtawala wa mji wa Marijani, na mkewe alidungwa na sindano akidarizi kofia, na kidole kikatunga usaha, na siku ya saba akazikwa, akaacha binti mchanga, Thureya. Tangu hapo Sultani akaichukia kila kazi ya mkono, akawakataza watoto wa mji hata kuchezea udongo. Akaisugua pete yake, akatokea jini Shamhari, na Sultani akamwamuru: "Mikono ya mwanangu isifanye kazi yoyote. Umfanyie wewe."

Lahaula! Jini yule alikuwa mtiifu kupita kiasi. Binti Thureya akilitazama embe tu, limekwisha menywa na kutiwa kinywani. Akatimiza miaka mitano hajui kushika kijiko, wala hajatamka neno hata moja, maana anayepewa kitu kabla hajakitaka, aseme nini?

Yaya wake, Mize, alikuwa mfinyanzi aliyefiwa na binti yake wa pekee. Na desturi ya wafinyanzi ni kwamba chungu cha kwanza cha mtoto, hata kiwe kimepinda vipi, hupewa mama, na mama hukipokea kwa mikono miwili. Bintiye Mize alikufa kabla hajafinyanga chake, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Basi Mize akaleta udongo kwa siri ndani ya kikapu cha nguo, akaufinyanga mbele ya Thureya huku akiimba wanavyoimbiwa watoto wa kwao: "Bonyeza, bonye! Zungusha, zungu!" Mtoto akacheka, akanyoosha mkono. Papo hapo jini akaunyakua udongo, akaufinyanga yeye kuwa birika la ajabu, na Thureya akalia kwa uchungu.

Mize akapandwa na hasira. "Ewe Shamhari, huoni unamuua mtoto?"

"Naona, bibi," jini akajibu, na machozi yanamtoka. "Lakini amri ya pete haifutiki, huhamishwa tu. Akipatikana wa kutoa mikono yake, mtoto atapata yake."

Mize akaitazama mikono yake iliyomlisha tangu usichana. Alilia sana, wala hakuona haya. Kisha akasema, "Haya, chukua. Fanya upesi, nisije nikajuta."

Mikono yake ikalegea na kuning'inia, haina nguvu hata ya kufuta machozi. Thureya akatia vidole udongoni. "Bonye," akasema. Akauzungusha. "Zungu!"

Sultani akaisikia sauti ile barazani, akaja mbio bila kilemba. Alipoelezwa yaliyotokea, akapiga magoti akilia. "Mize, nisamehe! Nikuoe, nikuvishe pete, nikupe nusu ya ufalme!"

"Ahsante, bwana wangu, lakini pete nitaishikaje? Waache watoto wa mji huu wachezee udongo, na huyu awe wa kwanza. Sitaki zaidi ya hapo."

Siku ya tatu Thureya akaja na chungu kilichokauka kivulini, kimepinda, na mdomo umeenda upande. "Mama, pokea," akasema.

Mize akajaribu. Mikono haikuinuka, na moyo ukamkatika. Mtoto akaunyanyua mkono mmoja wa Mize, kisha wa pili, akavikunja vidole kimoja kimoja mpaka vikakizunguka chungu, akavifumbata kwa vyake, chungu kisianguke.

Hekaya yangu imekomea hapo. Mwenye mtoto ampe udongo, nguo atafua baadaye.