Breki Iliyowachosha Watu wa Kiwandani

Leo siwapi mfano wa mkulima, wala wa kondoo aliyepotea. Hiyo mmeizoea. Mnaitikia "Amina" kabla sijafika katikati, halafu mnarudi nyumbani kama mlivyokuja. Leo nawapa mfano wa breki. Ndiyo, breki! Na ninyi wa viti vya nyuma mnaotazama saa, iacheni hiyo saa, chakula hakikimbii.

Kulikuwa na dereva mmoja wa kreni katika kiwanda cha sukari. Matrekta yalileta miwa kutoka shambani imejaa kwenye matela, watu wa chini wakaifunga minyororo, na kreni ikanyanyua mzigo mzima, tani tano kwa mkupuo mmoja, ikaupeleka mpaka kwenye kinu. Dereva alikaa juu peke yake katika kibanda cha vioo. Alikuwa mtu mwema, mchapa kazi, mshirika wa kanisa kama ninyi hapa. Chini yake, kwenye minyororo, alifanya kazi mume wa dada yake, na dereva ndiye aliyemwombea kazi pale. Kutwa walitupiana maneno, shemeji kwa shemeji.

Sasa, kreni ile ilikuwa na breki mbili. Ya kwanza ilitumia umeme, na ndiyo aliyofanyia kazi siku zote. Ya pili ndiyo ya mfano wetu, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Breki ya baiskeli yako ukiibana ndipo inashika, sivyo? Hii ilikuwa kinyume. Yenyewe kwa asili yake imeshika. Springi nene imeikaba, na umeme ndio unaoilazimisha kuachia. Umeme ukilegea kidogo tu, springi inarudi, breki inashika, na mzigo unabaki palepale ulipo, hata kama dereva amezimia.

Na umeme wetu mnaujua. Taa zikichezacheza tu, paa! Breki imeshika. Mzigo unaning'inia, kinu kinasaga hewa, matrekta yanapanga foleni mpaka barabarani. Dereva anazima, anasubiri dakika tano, anawasha upya. Kabla hajafikisha mzigo kwenye kinu, taa zinacheza tena. Paa! Siku moja aliweka alama za chaki kwenye kioo, zikafika kumi na moja. Wewe ungevumilia? Wewe ambaye mtandao wa simu ukikwama kidogo unataka kuitupa ukutani?

Jumatatu akamfuata fundi wa breki. Alikuwa mama wa makamo, ovaroli imejaa grisi, na mdomo wake haukuwa na mapazia.

"Mama, breki yako mbovu."

"Nimeikagua asubuhi. Nzima."

"Nzima? Imenisimamisha mara kumi na moja!"

"Ndiyo maana nakwambia nzima."

Jumanne akarudi. "Basi mama yangu, ilegeze kidogo tu, na mimi nipumue."

"Silegezi. Nenda kagombane na wenye umeme, usigombane na breki."

Akaondoka anasonya. Mama gani huyu mwenye roho mbaya, anafurahi watu wakiteseka! Jumatano ndiyo ikawa mbaya kabisa. Msimamizi alimfokea kwenye simu ya upepo, kiwanda kizima kinasikia: "Wewe dereva, kama kazi imekushinda sema! Wenzako wamejaa getini!" Na kule chini, penye bomba la kunawia, shemeji yake akaanza vituko. Akainua mkono mmoja juu, akaganda hivyo kama kreni iliyokwama, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yakamfika shingoni. "Potelea mbali," akasema. "Breki gani hii, kazi yake kunidhalilisha tu!"

Nyuma ya breki ile pana tundu. Fundi akitaka kubadilisha pedi, anaingiza humo bolti ndefu, anaikaza, bolti inairudisha springi nyuma, na breki haiwezi tena kushika. Akimaliza kazi anaitoa bolti, anaenda nayo. Basi Alhamisi asubuhi, kabla ya zamu kuanza, dereva wetu akatafuta bolti ya ukubwa uleule. Akapanda, akaikaza, akaiacha humohumo.

Weee! Siku mbili za raha. Taa zikacheza, kreni ikapita zake. Msimamizi akasema kwenye simu ya upepo, "Hongera dereva, hivyo ndivyo tunavyotaka." Shemeji akapaza sauti kutoka chini, "Shemeji, leo umekula nini?" Na dereva alipokutana na yule mama fundi njiani alipita kifua mbele, hata salamu aliitoa nusu.

Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Alijua vizuri kwamba taa zikicheza, breki ya kwanza inavumilia. Umeme ukikatika kabisa, ya kwanza imekufa, na ya pili ameifunga kwa mikono yake. Alilijua hilo kila alipotazama chini akawaona watu. Akajiambia, mwezi mzima umeme haujakatika kabisa. Akajiambia, Jumatatu nitaitoa. Jumatatu! Hivi kwa nini toba yetu siku zote iko Jumatatu?

Ikafika Jumamosi. Tangu asubuhi umeme ulitulia, taa hazikucheza hata mara moja. Saa sita kasoro dakika kumi alinyanyua mzigo wa mwisho kabla ya chakula, na watu wa chini wakaenda bombani kunawa. Bomba lenyewe liko chini ya njia ya kreni. Kila siku wanakatazwa, na kila siku wananawa hapohapo, maana miwa haijawahi kumwangukia mtu. Shemeji alikuwa ameinama, sabuni mpaka kwenye viwiko, na tani tano za miwa ziko juu ya kichwa chake.

Umeme ukakatika. Safari hii haukucheza, ulikatika kabisa. Kinu kikanyamaza, feni ya kibandani ikazunguka polepole, ikasimama. Dereva akabonyeza honi, kumbe nayo ni ya umeme. Akilini akamwona dada yake amekaa chini na kanga ya msiba. Akafumba macho akasema moyoni, Mungu wangu, nimemuua.

Akangoja kishindo. Akangoja. Sauti iliyopanda kutoka chini ilikuwa hii: "Aaa, shemeji! Umeanza tena? Tushushie bwana, tukale!" Wenzake wakacheka, mmoja akapiga mluzi.

Akafumbua macho. Mzigo ulikuwa palepale, unayumba kidogo. Breki ya pili ilikuwa imeshika.

Alishuka ngazi. Chini akamkuta mama fundi amesimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine amefumba ngumi. Akaifungua ile ngumi.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Nakagua Jumatatu na Jumamosi, nimeikuta leo asubuhi. Nikaitoa. Sikukusubiri nikwambie, maana kwa hasira niliyokuwa nayo ningekusukuma kutoka huko juu, na mimi nina watoto wa kulea."

"Mama, yule pale bombani ni mume wa..."

"Namjua ni nani! Nawajua wote! Wiki nzima mnaniita mchawi wa kiwanda. Nimewachoka, unanisikia? Breki ikishika mnatukana, isiposhika mnazika. Kweli shukrani ya punda ni mateke." Akamtia bolti kiganjani. "Jumatatu tunaenda ofisini wote wawili. Utaibeba mwenyewe, na utasema mwenyewe."

"Nitasema, mama."

Kesho yake ikawa Jumapili. Mnajua wakati wa shuhuda unavyokuwa. Wa kwanza akasimama, amepata kazi, kwaya ikapiga pambio. Wa pili amepona mguu, pambio. Wa tatu mtoto amefaulu, pambio na vigelegele. Kisha akasimama dereva wetu.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Jana, saa sita kasoro dakika kumi, hakuna kilichotokea."

Watu wakangoja aendelee.

"Namshukuru Mungu," akasema, akaketi.

Kwaya wakatazamana. Mpiga ngoma alikuwa ameshainua fimbo zake, akazishusha. Na shemeji yake, aliyeketi ubavuni mwake, mzima wa afya, shati limepigwa pasi na mke wake asubuhi ile, akamwinamia sikioni kwa aibu: "Shemeji, sasa huo nao ni ushuhuda?"

Mnacheka. Chekeni tu. Najua mlidhani mchungaji atawaambia kwamba sisi ndio yule dereva, tuliofunga dhamiri zetu kwa bolti, tutubu, twende nyumbani. Hapana, ndugu zangu. Dereva amekwisha kutubu. Kesho anaenda ofisini na bolti yake mkononi, na huenda akafukuzwa kazi. Mwacheni dereva. Sisi ndio shemeji.

Sisi ndio tuliosimama bombani tukinawa mikono. Mwaka mzima nawasikia kwenye maombi, na mimi mwenyewe nimo. Mungu, mbona safari imekwama? Mbona ule uchumba umevunjika? Mbona mama yangu kakataa, mbona mzee wa kanisa kaniwekea ngumu, mbona mke wangu kila nikitaka kuondoka na gari usiku anaficha ufunguo? Tushushie, Bwana, tukale! Jamani, tushushiwe nini? Unajua kilichokuwa juu ya kichwa chako?

Sisemi kila kilichokwama kimekwamishwa na Mungu. Mengine tumeyakwamisha wenyewe kwa uvivu wetu, na tunajuana. Lakini yule anayekuudhi kwa sababu anakwambia simama, yule uliyemwita mkorofi, mwenye roho mbaya, mchawi wa kiwanda, umewahi kumuuliza asubuhi ile alikuondolea bolti gani, wewe hujui? Hujamuuliza. Mimi pia sijamuuliza. Tumemcheka tu, halafu tukaenda kula.

Basi, sasa ni wakati wa shuhuda. Kwaya, kaeni kwanza. Leo simtaki aliyepata kazi, wala aliyepona, tutawasikia wiki nyingine. Namtaka mtu ambaye jana alitoka asubuhi akarudi jioni, na hakuna kilichompata. Huyo asimame amshukuru Mungu.

Mbona mmekaa?