Kwa Kiboko Kuna Mwanga

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa nini?

—Pakawa giza!

Basi sogeeni, niliwashe.

Alikuwepo Sange, kapanya ka pua ndefu, mama wa watoto wawili. Nyoka alilipenda mno giza la shimo la Sange, apate kuwanyemelea hao watoto. Sange akaona isiwe taabu, akajitengenezea taa ya plastiki, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Akaingiza umeme wa aina mbili, Hasi huku, Chanya kule, wakutane katikati wawake. Wakawaka, lakini fififi, kama jicho la mgonjwa.

Sange akatega sikio. Kumbe Hasi anakokota miguu, na Chanya mbio, puru! Anatokea upande wa pili hawajaonana.

"Wachumba gani hawa wa kupishana njiani?"

Akabandika utando mwingine, uwe kizuizi. Chanya akaja, puru! Akagonga, akangoja. Hasi akaja, koko, koko, koko. Wakakumbatiana. Pwaa! Shimo lote jeupe, na umeme ni ule ule. Wataalamu hulieleza hili kwa vitabu saba, mimi nimeshamaliza.

Asubuhi Kiboko huyo, ti! ti! ti!

"We kapua! Umeme unatoka mtoni, na mto wangu. Lete taa, au nakanyaga shimo na vitoto vyako!"

"Chukua, babu. Ila wenzako watakuja kuazima. Panda kichuguu, uwatangazie kabisa."

"Niseme nini?"

"Kwani umepata nini? Si mwanga? Sema hivyo hivyo. Mkubwa hasemi mengi."

Kiboko akapanda kichuguu, akapanua kinywa: "Kwangu kuna mwanga! Mwanga mkubwa! Na mwenyewe ni mimi!"

Wanyama wakaganda. Mwanga? Mchawi wa usiku?

"Kumbe!" Mama Nyani akapiga kofi. "Ndiyo maana usiku anazurura, mchana anajificha majini!"

"Jamani, mwanga wa taa!"

"Mwanga ni mwanga tu!"

Fimbo, pa! Mawe, pu! Kiboko akatupa taa, mbio mpaka mto wa mbali, chubwi!

Sange akaiokota taa, akaipangusa, akaingia kwa wanawe. Nyoka akachungulia, akakuta kweupe, akaenda zake.

Ngano yangu imezimika hapo. Ikiwa tamu, kaiwasheni kwenu. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe. Na funzo lake, wanangu: msema kweli mpenzi wa Mungu. Kiboko siku ile alisema kweli tupu, na mto mzima ukampenda kwa fimbo.