Mchirizi wa Njano

Wapendwa, leo nataka kuwapeleka kwenye mashindano ya magari. Wazee wa kanisa, msinikazie macho hivyo. Tutarudi kabla ya sadaka.

Kulikuwa na mpiga picha mmoja, mtu wa huku kwetu kwenye baridi na ng'ombe wa maziwa. Picha za harusi, za vitambulisho, za watoto wakibatizwa, zote alipiga yeye. Mikono alikuwa nayo, hilo hatumnyimi. Lakini kamera yenyewe aliipataje? Baba yake alimwachia mtamba, ng'ombe ambaye hajazaa bado, amchunge, yeye akamuuza, akanunua kamera. Hakuomba ruhusa. Mzee aliporudi akakuta zizi tupu na kijana wake amevaa kamera shingoni kama kengele. Akamwambia, "Umechagua hilo jicho la chuma. Haya, na likutunze." Kuanzia siku hiyo hawakusemezana.

Miaka sita, wapendwa! Na kila Jumatano, kwenye ibada ya maombi, kijana alisimama na ombi lile lile: "Mniombee, baba yangu anisamehe. Aje tu nyumbani kwangu, hata siku moja, anywe chai." Ikafika mahali mama mmoja wa kwaya, akimwona tu anainuka, anafumba macho na kusema, "Lile la baba yake." Mtaniuliza, mbona asiende yeye? Alikwenda mara moja, akakuta lango limefungwa kwa mnyororo. Akasema Mungu atafungua. Sisi nasi tunapenda sana kumwachia Mungu minyororo yetu.

Sasa sikieni. Mashindano ya magari yakaja kupita kwenye barabara yetu ya vumbi, na mhariri mmoja wa gazeti la michezo akamwambia yule kijana, "Niletee picha moja safi ya gari likiwa kasi. Moja tu. Ikinipendeza, msimu wote ni wako." Kijana hakulala. Alfajiri akazima simu asisumbuliwe, akaenda kujipanga kwenye kona, kando ya seng'enge, pamoja na wapiga picha wengine. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na tuta, na juu ya tuta watu wamejaa.

Niwaeleze kazi yao, maana mfano wote uko hapo. Gari likija kasi huwezi kulipiga kama unavyompiga bibi harusi, usimame umwambie tabasamu. Miguu inasimama, lakini kiuno kinageuka. Unalikamata gari kwa kamera lingali mbali, unalifuata, unageuka nalo, unabonyeza, na bado unaendelea kugeuka. Ukifanya vizuri, gari linatokea limetulia kabisa, unasoma hata jina la dereva mlangoni. Na vilivyo nyuma yake, miti, watu, tuta, vyote vinavutika, vinakuwa michirizi ya rangi. Ndivyo mtu anavyojua kwamba gari lilikuwa linakimbia.

Gari la kwanza likaja. Ngurumo, mawe yanaruka, filimbi za wasimamizi! Kijana akageuka nalo, akabonyeza. Akainamia kioo cha kamera kutazama. Gari safi. Lakini juu ya paa lake kulikuwa na mchirizi wa njano, mnene, umekatiza picha kama mtu aliyepaka rangi kwa kidole.

"Ala! Hii ni nini?"

Akafuta lenzi kwa shati. Gari la pili likapita, akapiga. Mchirizi upo. Akafuta kwa kitambaa chenyewe cha lenzi. La tatu, upo. Akabadilisha lenzi. La nne, upo pale pale! Akaanza kuchanganyikiwa. Kama ni uchafu, mbona nimefuta? Kama ni lenzi, mbona nimebadilisha? Kamera imekufa leo, siku ya leo kati ya siku zote?

Pembeni yake alikuwapo mama mmoja, mpiga picha mzoefu, mavazi yote yamekuwa rangi ya vumbi. Akamwambia, "Kaka, lenzi yako ni safi kuliko uso wako. Hicho kitu hakiko kwenye kamera. Kiko kule ng'ambo. Pengine ni mtu."

Kijana akainua macho. Gari lilikuwa limetoka kupita, na ng'ambo palikuwa vumbi tupu. "Mtu gani? Mimi sioni mtu." Akainama tena kwenye kioo chake. Vumbi likatulia, ng'ambo ikaonekana yote, lakini yeye alikuwa anafuta.

Akahama, hatua kama hamsini hivi, hadi mwisho wa seng'enge. Gari la tano. Mchirizi! Umehama naye! Jamani, mtu wa Mungu akaogopa sasa. Akasema moyoni, huu ni uchawi, ama Mungu ananiadhibu kwa ajili ya yule mtamba. La sita, upo. La saba, upo, na sasa ulikuwa kama unapanda na kushuka. Akafuta lenzi hadi mama yule akacheka.

Gari la nane likaja, lenye kasi kuliko yote. Akalikamata, akaanza kugeuka, kumbe mkanda wa kamera umenasa kwenye mwiba wa seng'enge. Kamera ikagoma. Ikabaki imetazama ng'ambo, tuli, na kidole kikabonyeza. Gari likapita zake. Kijana akakunja uso, akasonya, akageuka kuunasua mkanda. Picha ile hata hakuitazama. Ya nini, na gari limeshatoroka?

Jioni akampelekea mhariri kamera pale kwenye hoteli ya chai. Mhariri akapitisha picha moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa. "Magari umeyakamata vizuri. Lakini huu mchirizi wa njano ni nini? Kila mahali!"

"Hata mimi sielewi, mzee. Nimefuta hadi mkono umechoka."

Mhariri akafika kwenye ile ya nane, akaisogeza karibu na macho. Kisha akamgeuzia kamera. "Na huyu ni nani?"

Gari ndilo lilikuwa mchirizi. Limefutika kabisa, halina hata rangi ya kueleweka. Na juu ya tuta, ametulia, unahesabu hata vifungo, alisimama mzee mwenye koti la mvua la njano, lile la kupelekea maziwa. Amevua kofia, ameinyanyua juu. Anacheka.

Kijana akaishika kamera kwa mikono miwili. "Ni baba yangu," akasema.

Akawasha simu, akapiga nyumbani. Mkewe akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Baba Wangechi! Ulikuwa wapi? Nimepiga simu kutwa nzima! Baba alikuja asubuhi. Alikuja mwenyewe! Nikamwambia uko kwenye magari, akasema hawezi kungoja, akakufuata huko. Sasa hivi amepita hapa tena, hata kuketi hakuketi, ameelekea stendi. Chai nimeimwaga."

"Amesema nini?"

Mama wa watu akaanza kulia. "Amesema wasimamizi walimkataza kuvuka, akakupungia mkono kutoka ng'ambo. Ulipohama, naye akahama. Amesema, 'Mwambie nimemwona, na yeye ameniona. Mara saba amenielekeza lile jicho, na kila mara aliponifikia akageuka. Mara ya nane akanikazia. Nikasema, Bwana asifiwe, mwanangu amenitambua, nikavua kofia. Akakunja uso, akanipa mgongo.'"

Mmesikia? Ombi la miaka sita lilisimama ng'ambo ya barabara, limevaa koti la njano, linapunga mkono. Na mwenye kuomba alikuwa anafuta lenzi.

Sasa nyinyi mnanitazama mnataka niwaambie kama alimkuta. Alikimbia hadi stendi, akaambiwa gari alilopanda mzee limeshaondoka, na lilikuwa la mwisho. Akaanza kutembea, kamera shingoni, kuelekea lile lango lenye mnyororo. Mimi najua hadi hapo tu.

Lakini sisi, je? Mimi simlaumu kijana kwa kufuata gari. Kazi ni kazi, na aliifanya vizuri. Lakini unachokifuata ndicho kinachotulia machoni pako, na wengine wote wanakuwa michirizi. Unafuata biashara, mke amekuwa mchirizi. Unafuata huduma, ndiyo, hata huduma hii ya kanisa, na mtoto wako anapunga mkono wewe unauliza nani amechafua lenzi. Na wewe mzee wa ng'ambo, nisikupite. Ulihesabu mara nane ulizogeukiwa. Mbona hukuhesabu vumbi? Mbona hukungoja gari la mwisho lipite, uvuke, umshike bega?

Nafahamu kwamba humu ndani wamo wawili ambao hawajasalimiana tangu mazishi ya mwaka juzi. Mmoja anaketi mkono wangu wa kulia, mwingine wa kushoto, na katikati yenu kuna njia ya hatua tatu. Hakuna gari linalopita hapo. Hakuna msimamizi mwenye filimbi. Kwaya, ngojeni kidogo na wimbo wenu. Vukeni.