Kodi ya Hodi

Naombeni radhi kabla sijaanza. Hadithi hii naisimulia vibaya, naruka hapa, nababaika pale, na ni kwa makusudi. Mke wangu amenionya: siku nikithubutu kusimulia vizuri tena kama nilivyofanya mara ile, anarudi kwao na sufuria zote. Sababu mtaisikia mwishoni. Haya, kaeni. Wewe uliyekaa mlangoni, sogea ndani. Hapo nasimama mimi.

Hapo zamani, katika mji wa Kigugu, palikuwa na kodi moja tu, kodi ya hodi. Mtu akikupigia hodi, wewe mwenye nyumba unalipa senti moja. Hodi mbili, senti mbili. Hoja yenyewe ilikuwa nyepesi: anayepigiwa hodi sana bila shaka ana kitu, maana asiye na kitu nani atamwendea?

Basi, mlimani alikaa Bwana Senkoro, jumbe wa mji. Vyumba kumi na viwili, ng'ombe mia, ua wa miba, mbwa saba. Sasa niambieni, nani apige hodi kwa mbwa saba? Mwaka mzima hodi hakuna, kodi hakuna. "Mimi jamani ni maskini wa hodi," alikuwa akilalamika, huku akijipangusa mafuta ya nyama kidevuni.

Bondeni alikaa Bi Mwanakheri, mkunga. Chumba kimoja, kuku mmoja, na kuku mwenyewe wa jirani. Lakini hodi! "Hodi, Bi Mwanakheri, uchungu umeshika!" Senti. "Hodi, bibi, mtoto anakataa ziwa!" Senti. "Hodi, nimekuja tu kukushukuru!" Senti. Karani Chande aliketi nje kwenye kigoda, kila hodi anachora mstari ubaoni kwa mkaa.

Watu wakamhurumia mkunga wao. Wakaacha kupiga hodi, wakawa wanalia kama mbuzi. "Meee! Nimetumwa na shangazi!" Mkunga anatoka mbio na kanga yake. Chande akakuna kichwa siku tatu, kisha akaandika: mbuzi yeyote anayesema ametumwa na shangazi yake atahesabiwa.

Na kodi hiyo ilikuwa na meno: asiyelipa, mlango wake unang'olewa.

Ukafika uchaguzi wa jumbe. Fundi Hizza, seremala, akajitokeza kushindana na Senkoro. Akapanda juu ya meza aliyoitengeneza mwenyewe, akasema, "Jamani, tuache kuhesabu hodi, tuhesabu vyumba! Mwenye kumi na viwili alipie kumi na viwili. Mwenye kimoja alipie kimoja." Watu wakapiga vigelegele, wakarusha kofia. Hizza akainua mkono kuwashukuru.

Mkono wa kushoto.

Kofia zilizokuwa juu zilishuka polepole.

"Astaghafiru!" akasema Somoe, jirani wa Bi Mwanakheri, mama wa watoto sita, wote waliozalishwa na mkunga huyo, na wa saba yumo tumboni. "Mkono ule si wa kule chooni? Ndio utushikie mji?"

"Dada Somoe," akasema Hizza, "mlango wako nani aliutengeneza?"

"Wewe."

"Kwa mkono upi?"

"Unadhani kwa nini huwa naufungua kwa kiwiko?"

Watu wakacheka. Na mtu akishachekwa, kura zake zimeanza kuondoka. "Kodi yake naipenda," wakawa wanaambiana, "lakini ule mkono, hapana."

Kura ya Kigugu ni kupanga mstari: unasimama nyuma ya unayemtaka. Mistari ikilingana, aliyekalia kiti anapumzishwa.

Siku ilipofika, Somoe akasimama nyuma ya Senkoro, tumbo mbele kama ngoma. Fundi Hizza akautazama mstari uliokuwa nyuma yake mwenyewe, akaona haya. "Mtu kujichagua mwenyewe si ungwana," akasema. "Na hata ningetaka, nitasimamaje nyuma yangu?" Akaenda akasimama nyuma ya Senkoro, akamwamkia kabisa, "Shikamoo." Senkoro akaitika, akatulia palepale. Mstari wa Hizza ukabaki nyuma ya nafasi tupu.

Bi Mwanakheri je? Alfajiri ile alipigiwa hodi: binti wa Senkoro yuko kwenye uchungu. (Senti hiyo pia ilichorwa.) Akapanda mlima, akazalisha, akanawa, akataka kutoka awahi mstari. Mbwa saba wakasimama. Walikuwa wameambiwa wamwache aingie. Habari za kutoka hawakupewa.

Chande akahesabu. Senkoro arobaini na moja. Hizza arobaini. Mtu mmoja tu!

Senkoro akabaki, kodi ikabaki, deni likamshinda Bi Mwanakheri, na mlango wake ukang'olewa. Aliyeamriwa kuung'oa ni seremala. Hizza akazifungua bawaba kwa mkono wa kushoto, akajifuta machozi kwa wa kulia.

Wiki haijaisha, uchungu ukamshika Somoe. Akakimbilia kwa mkunga, akakuta tundu. Sasa, Kigugu mtu haingii kwa mwenzake bila hodi, na hodi hupigwa mlangoni. Somoe akasimama nje, jasho linamtiririka.

"Pita, mwanangu!"

"Nitapitaje, bibi, na sijabisha?"

"Basi bisha!"

"Nibishe nini? Hewa?"

Mtoto hakuwa amefundishwa adabu za Kigugu. Akatoka palepale kizingitini, mvua inanyesha, bibi mmoja, kanga moja, juu hakuna kitu. Aliponea chupuchupu. Na kitu cha kwanza alichofanya duniani ni kukamata kidole cha mkunga. Kwa mkono wa kushoto.

Somoe akautazama ule mkono. Akacheka, akalia, akashindwa kuchagua kimoja.

Mji ukakusanyika mlimani, nje ya ua wa Senkoro. "Pole, Bi Mwanakheri," wakasema.

"Pole sitaki," akasema. "Nataka mlango. Na utoke kwa aliyeniponza."

Somoe akaruka. "Si wangu! Mimi nilikuwa mtu mmoja kati ya arobaini na mmoja, na nina watoto saba wa kukinga na baridi. Ung'olewe wa Hizza! Mtu amejikimbia mwenyewe, mimi nimfuate wapi?"

Hizza akasema, "Mimi nilifanya ungwana. Tangu lini ungwana ukatozwa mlango? Mkunga angefika tungelingana, na kiti kingemtoka Senkoro."

"Ningefika vipi?" akafoka Bi Mwanakheri. "Nimwambie mtoto, wewe nusu toka sasa, nusu baada ya kura?"

Senkoro akajibu kutoka ndani ya ua. "Mimi sikumvuta mtu shati. Nilisimama tu, watu wakajipanga nyuma yangu, na mimi nyuma sina macho. Tena sheria ya hodi sikuibuni mimi!"

Hapo alisema kweli. Aliisikia harusini. Kuna mpuuzi mmoja alisimama baada ya pilau kuchekesha watu, akasema, "Jamani, tutoze kodi ya hodi!" Akaisimulia vizuri mno siku ile, watu wakamwaga sharubati kwa kicheko. Senkoro peke yake hakucheka. Aliomba kalamu.

Na siku ya kura, mpuuzi huyo hakuonekana kwenye mstari wowote. Alikuwa mlangoni kwa mkunga, anaomba chumvi. Hodi tisa, hakuna jibu. Chande alikuwa keshaondoka kwenda kuhesabu mistari, lakini mpuuzi, kwa uaminifu wake, akachukua mkaa akachora zote tisa mwenyewe.

Je, ung'olewe mlango wa nani? Wa Somoe, wa Hizza, au wa Senkoro? Jibuni kwa sauti. Ila msinitazame hivyo. Mnadhani kwa nini tangu mwanzo nasimulia nimeuegemea mlango wangu kwa mgongo?