Mjane Aliyefanya Kazi ya Nyuki

Leo nataka mumfahamu mama mmoja, mjane, mkulima wa maboga. Jina lake tuliache, tushike tabia yake. Alikuwa na ulimi mkali, na alichokiona kibaya alikisema hapo hapo, mwenye nacho akisikia. Marehemu mumewe alimwachia shamba la mteremkoni, na juu yake, kuzunguka chemchemi, kichaka kinene ambacho hakuna binadamu aliyekipanda. Mle mlikuwa na nyuki kwenye magogo yaliyooza, mlikuwa na nyigu, vinyonga, nguchiro, na miti ambayo hata wenyeji walishasahau majina yake.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa mzee wa kanisa, na mashamba yake yalipakana na la mjane. Siku moja akaja na panga.

"Shemeji, kichaka hiki kinatuaibisha. Mkulima anajulikana kwa shamba safi. Hapa tunafuga nyoka tu."

"Nyoka anakula panya," mjane akasema, jembe halijasimama. "Panya anakula mahindi yako. Sasa wewe uko upande wa nani?"

"Nataka kupanda mikaratusi. Inanyooka, na wateja wapo."

"Kaipande juu ya kaburi langu."

Mzee akaondoka na tabasamu la mtu anayeweza kusubiri. Na kweli alisubiri. Mjane alikwenda kwa binti yake aliyejifungua, na aliporudi akakuta kichaka kimefyekwa, kimechomwa, na miche ya mikaratusi imesimama mistari mistari juu ya majivu. Alikaa chini, akalia. Halafu akainuka, akaenda kumwambia shemeji yake neno ambalo siwezi kulirudia humu ndani.

Mzee hakuishia hapo. Aliwashawishi ndugu wote watupe mbegu zao za zamani, za maboga ya milia, ya kijani, na yale ya ganda gumu yanayovuka kiangazi bila kuoza. Wakapanda aina moja tu, kubwa, ya kupendeza machoni. Tena wakapuliza dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi. Mjane peke yake aligoma. Wakamcheka kwamba shamba lake limejaa viraka kama suruali ya mlevi.

Maua yakaja. Mteremko wote ukawa njano, watu wakaanza kupongezana. Lakini viboga vichanga, vile vya ukubwa wa kidole gumba, vikanyauka, vikaoza, vikadondoka. Shamba baada ya shamba. Kasoro la mjane.

Mngefikiri nini, ndugu zangu? Msijifanye malaika. Mngefikiri walichofikiri wao. Maana kuna aliyemwona mama huyu alfajiri, ameinama, unyoya wa kuku mkononi, akigusa ua hili, akihamia lile, midomo ikicheza. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imeiva: mjane anakausha mashamba ya watu.

Ibada ilipoisha wakamweka kitimoto mbele ya wazee wa kanisa. Akionekana na hatia, atengwe na ushirika, na shamba lirudi kwa ukoo. Na ukoo ni nani? Ni shemeji. Mjane alilijua hilo. Hakuwa na mahali pengine duniani pa kuchomeka jembe. Kichwa hakukiinamisha.

"Midomo ilikuwa inacheza," shemeji akaanza. "Ulikuwa unanuia nini?"

"Nilikuwa nakusema wewe."

Watu wakacheka, wakakumbuka walipo, wakanyamaza.

"Na huo unyoya?"

"Nafanya kazi ya nyuki. Ua dume lina unga, ua jike halina. Nyuki ndiye aliyekuwa anautoa kule na kuuleta huku. Mmemchomea nyumba. Aliyebaki mkampulizia sumu. Sasa boga lizaeje, kwa vikao?"

"Maneno matupu hayo. Lete ushahidi."

"Mimi siuleti. Utauleta wewe."

Kesho yake alfajiri wote wakaenda shambani kwa mzee. Mjane akaweka mikono nyuma, watu waione. Hakugusa hata jani. Alimwelekeza tu: pangusa unyoya kwenye lile lenye unga, sasa gusa hili lenye kiboga chini yake. Mzee akafanya, amenuna. Akachana kipande cha leso yake mwenyewe, akafunga kwenye kikonyo ili lile ua lijulikane. Kesi ikaahirishwa.

Sasa mfikirieni huyu mama katika kusubiri kule. Riziki yake yote ilikuwa inaning'inia kwenye boga moja, katika shamba la mtu anayemtakia mabaya. Konokono angeweza kulila. Shemeji angeweza kulinyofoa akasema limeanguka lenyewe. Hakulinyofoa. Sifa hiyo tumpe, hatumwonei mtu hapa.

Boga likanenepa. Peke yake, katika shamba zima, na kitambaa cha leso shingoni. Huku majani yakishambuliwa na ukungu mweupe, mche mmoja mpaka mwingine. Kwa kuwa yote yalikuwa mbegu moja, udhaifu wa mmoja ulikuwa udhaifu wa wote.

Watu wakarudi, wakalizunguka lile boga. Mjane akawatazama mmoja mmoja.

"Haya. Kama kuzalisha boga kwa unyoya ni uchawi, mchawi wenu huyu hapa, na ni mzee wa kanisa. Mtengeni."

Hatimaye shemeji akasema, taratibu, "Nipe manyoya mengine. Nina shamba kubwa."

"Kuku unao. Kama unataka kuamka alfajiri uwe nyuki mpaka ufe, shauri yako. Mimi nataka kichaka changu."

"Kichaka hakirudi kwa siku moja, shemeji."

"Ndiyo maana unaanza sasa hivi."

Mzee alisimama pale mpaka wengine wakaona aibu kumtazama. Kisha akapanda hadi kwenye chemchemi, akainama, akang'oa mkaratusi wa kwanza kwa mikono yake.

Mnatikisa vichwa. Mmempenda huyu mama. Lakini sisi tuko wapi katika kisa hiki? Muumba hakutoa boga la aina moja. Alitoa la milia na la kijani, ili ugonjwa ukimwangusha mmoja, mwenzake abaki amesimama. Hakutuweka duniani na ng'ombe na kuku peke yao. Aliweka na nyigu, ambaye hakutuomba ruhusa. Na viumbe hao akawapa pa kukaa, msitu, bwawa, mbuga, kila mahali na watu wake. Sisi tunaitupa mbegu, tunamuua mdudu, tunachoma nyumba yake, halafu mavuno yakikosekana tunatafuta mjane wa kumshika uchawi. Huo ni uongo, na mimi uongo siubariki.

Nimeombwa nitangaze leo siku ya kwenda kufyeka kile kichaka cha nyuma ya kanisa, tupate uwanja wa kuegesha magari. Sitangazi. Kama kuna mtu humu anayejua ni kiumbe gani mle ndani Mungu alikosea kukiumba, asimame, aje hapa mbele, akitaje kwa jina, kisha atangaze yeye.

Tunamsubiri.