Vidole Vinane na Bi Kwanini

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake haimshindi mtoto: kitu kidogo unachokikanyaga kwa kiburi ndicho kitakachokulaza. Wakubwa wa kazi waliijua methali hii tangu shuleni, wakaieleza kwenye mtihani, wakapata alama zote. Kisha wakavaa viatu vizito, wakadhani miiba ni ya wanaotembea pekupeku.

Katika kiwanda kimoja cha maboksi, mama mmoja alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kukatia kwa miaka kumi na tisa. Jumanne moja asubuhi kisu kilishuka kabla hajatoa mkono, kikaondoka na vidole vyake viwili. Kabla kidonda hakijakauka, akaletewa barua: afike kikaoni ajibu shtaka la uzembe. Akipatikana na hatia, kazi hana. Aliruhusiwa kuja na ndugu mmoja wa kumsemea.

"Nitakwenda mimi," alisema kaka yake, kinyozi aliyejulikana mtaa mzima kwa maneno mengi. "Mdomo ninao."

"Nitakwenda na binti yangu," mama akajibu.

Kinyozi aliangua kicheko. Binti huyo alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisoma falsafa, kosa ambalo mjomba wake hakuwahi kulisamehe. Wenzake walisomea udaktari na sheria. Yeye jina la Bi Kwanini lilimganda kama kupe.

"Falsafa! Dada, nyumba inaungua nawe unaita mtu wa kuuliza moto ni nini?"

"Mjomba," binti alisema huku akijizuia asipandishe sauti, "wote saba waliotangulia kukatwa na mashine ile walikwenda na watu wenye mdomo. Nani alirudi kazini?"

Mama aliwakumbuka wote. Yule wa idara ya gundi, kidole gumba. Yule mjamzito, viwili. Yule mzee aliyebakiza mwezi mmoja astaafu, kiganja kizima. Wote waliambiwa ni wazembe, wote walifukuzwa. Pamoja naye walikuwa wanane, sawasawa na vidole alivyobakiwa navyo.

Siku ya kikao waliingia katika chumba chenye meza ndefu na chupa ya chai. Meneja alikaa katikati. Kulia kwake alikaa mkaguzi wa usalama kazini, mtu wa serikali, ambaye kwa miaka mingi kazi yake humo ilikuwa kunywa chai na kutia sahihi. Pembeni alikuwa karani. Desturi yao ilikuwa kuandika hukumu tu. Maneno ya wanyonge hayakustahili wino.

"Wewe binti, unasomea nini?" meneja aliuliza.

"Falsafa."

Meneja alipiga meza kwa kicheko. "Karani! Leo andika kila neno, usiache hata nukta! Tupate cha kuchekea mwisho wa mwaka."

Binti alihisi damu ikimchemka hadi masikioni. Alitamani kutukana. Badala yake akauliza, taratibu, kama walivyozoeshwa darasani kuipekua hoja mpaka mzizi uonekane:

"Bwana meneja, mnajuaje kwamba mama alifanya uzembe?"

"Kwa sababu mashine ni nzima. Mashine nzima haimkati mtu makini."

"Na mnajuaje kwamba mashine ni nzima?"

"Binti, mbona jambo rahisi! Ajali zote zilizotokea pale zilikuwa za uzembe. Haijapata kutokea hata moja iliyosababishwa na mashine."

"Hizo nazo mlijuaje kuwa ni za uzembe?"

"Si nimekwambia mashine ni nzima!"

Kalamu ya karani ilikwaruza karatasi.

"Kwa hiyo uzembe unathibitishwa na uzima wa mashine," binti alisema, "na uzima wa mashine unathibitishwa na uzembe. Mnazunguka kama ng'ombe wa kinu, na kinachosagwa ni mikono ya watu. Katika miaka yote hii, nani aliwahi kuifungua mashine akaitazama?"

"Tuendelee," meneja alisema. "Mkaguzi, tia sahihi."

Mkaguzi aliivuta karatasi ya karani, akaisoma mstari kwa mstari. Hakuwa ameingiwa na huruma. Aliiona shingo yake mwenyewe kitanzini.

"Chini ya maneno haya sahihi yangu haikai," alisema. "Nipelekeni kwenye mashine."

Walipofika, hakuhitaji hata bisibisi. Pale ambapo kinga ya chuma ilipaswa kuwepo palikuwa na matundu manne matupu ya skrubu. Kinga yenyewe ilikutwa stoo, imefunikwa vumbi la miaka. Iling'olewa ili kisu kishuke haraka zaidi. Wafanyakazi walijua, lakini kila aliyesema alioneshwa mlango.

Mashine ilifungwa siku hiyo hiyo. Mama alifutiwa shtaka, na majalada ya wale saba yakafunguliwa upya. Kinyozi sasa humwambia kila anayekaa kwenye kiti chake kwamba falsafa ni yeye aliyeichagua. Vidole havikurudi, na asikudanganye mtu kwamba haki huotesha vidole.

Mwezi uliofuata meneja naye aliletewa barua ya kikao. Ushahidi ulikuwa maneno yake mwenyewe, yote, bila kuachwa hata nukta. Aliruhusiwa kuja na ndugu mmoja wa kumsemea.

Hakika, mdharau mwiba mguu huota tende.