Dawa Isiyomfikia Mtoto wa Liwali

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba huko Kalikuti, Bara Hindi, mtoto mchanga wa liwali alishikwa na homa na vipele. Akaitwa Tabibu Moidini, mcha Mungu aliyebobea katika utabibu wa kale wa Wahindi. Katika elimu hiyo mtoto anyonyaye hapewi dawa. Huinywa anayemnyonyesha, ikamfikia kwa njia ya maziwa. Basi akamchemshia mwarobaini Bi Mariyumma, mjane aliyewekwa kumnyonyesha, akamkataza samaki na mtindi.

Bibi akanywa bila kubakiza tone. Homa ikazidi.

Nyumba haikukalika. Liwali aliuzunguka ua kama anayetafuta mlango wa kutokea. Karani wake akaandika amri kwamba homa ishuke kabla ya adhuhuri. Homa, kwa kuwa haijui kusoma, ikapanda.

"Tabibu, au dawa yako ni maji ya majani tu?" karani akauliza.

"Onja."

Karani akakumbuka ana kazi kwingine.

Bi Mariyumma naye hakutulia. Aliketi, akainuka, akatia udhu juu ya udhu. Maziwa yake yalikuwa yamekauka tangu kabla ya maradhi, na kwa siri akimnywesha mtoto maziwa ya mbuzi, maana hakuwa na kwao pa kurudi. Dawa yote ilikuwa ikiishia tumboni mwake! Akisema, atalala barabarani. Asiposema, mtoto atalala kaburini.

Mtoto alipoacha hata kulia, akamwendea tabibu huku meno yakigongana.

"Baba tabibu, kifua changu kikavu, mtoto namnywesha maziwa ya mbuzi. Unamtibu mzima."

"Subhanallah!" Moidini akachanganya dawa na samli, akamdondoshea mtoto mwenyewe kinywani. Alasiri jasho likamtoka, akalia kwa hasira, na nyumba nzima ikamhimidi Mola kwa kelele zile.

Liwali aliposikia siri ya bibi, akaita askari. "Mwongo huyu afungwe!"

"Bwana liwali," akasema Moidini, "humu kila mtu ameniambia cheo chake. Huyu peke yake ndiye aliyeniambia maradhi. Ukimfunga, kesho nani atasema?"

Liwali akawarudisha askari, akaamuru bibi abaki kuwa mlezi. Karani akataka kujua mbuzi naye aandikwe kwa cheo gani.

Ndugu zangu, tusidhani waja wema hawakuogopa. Mama huyu alisema kweli huku akitetemeka, na Mola hakungoja atulie ndipo ampokee.